"UTAFITI UMEONYESHA": UMEONYESHA NINI HASA? MWENYE SUKARI NA SAUMU YA RAMADHANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na swahaba zake.



Kila Ramadhani ikikaribia kuna neno moja twalisikia sana: "Utafiti umeonyesha." Huyu asema utafiti umeonyesha kwamba saumu yatibu sukari. Yule asema utafiti umeonyesha kwamba mwenye sukari akifunga, hatari yake yazidi mara saba. Maneno yote mawili yafika kwa mzee mmoja nyumbani, mwenye sukari ya miaka kumi, naye awageukia nyinyi watoto mliosoma na kuwauliza: "Basi nishike lipi?" Mtamjibu nini?

Msidhani hili ni suali la kubishania barazani tu. Kuna mama ambaye mwezi huu atafunga na vidonge vyake avifiche, kwa kuwa aona haya watu wajue hafungi, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Kuna na baba ambaye ataacha saumu zote kwa hofu ya namba aliyotajiwa asiielewe, ilhali daktari wake pengine angemruhusu. Wa kwanza aweza kupoteza uhai. Wa pili atakosa ibada aliyokuwa na uwezo nayo. Wote wawili wametendwa na habari ambayo haikuchunguzwa.

Kwa hivyo leo tuchukue utafiti mmoja, mkubwa na wenye sifa, tuukalie kitako na kuuuliza masuali. Hatuna nia ya kuuvunja. Twataka kujua watuambia nini na hautuambii nini.

DINI YETU YATUFUNDISHA KUULIZA

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu atuamrisha tuihakikishe habari tuletewayo, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wanavyuoni wa hadithi walilishika jambo hili barabara. Hawakuipokea habari kwa kuwa ni nzuri au kwa kuwa yawapendeza. Waliuliza: nani kakwambia? Na yeye kasikia kwa nani? Walikutana hawa? Hifadhi yake yaaminika? Kisha baada ya kumaliza wapokezi, wakayatazama maneno yenyewe.

Utafiti wa kiafya si hadithi, na hatuvilinganishi kwa cheo. Lakini ile tabia ya kuuliza kabla ya kupokea ni yetu tangu zamani. Ajabu ni kuwa kijana atamwuliza sheikh dalili ya kila kitu, halafu akisikia "wataalamu wamesema" afunga mdomo na kuitikia tu.

UTAFITI WENYEWE

Utafiti tutakaoutazama waitwa EPIDIAR. Ulifanywa kuhusu Ramadhani ya mwaka 1422 Hijria, yaani 2001, na ukachapishwa mwaka 2004 katika jarida la Diabetes Care la Marekani. Aliyetangulia katika orodha ya waandishi ni Dkt. Ibrahim Salti wa Beirut, Lebanon. Ulikusanya habari za wagonjwa wa sukari 12,243 kutoka nchi 13, miongoni mwazo Morocco, Misri, Uturuki, Saudi Arabia, Pakistan, Bangladesh, Malaysia na Indonesia.

Kabla ya kuendelea tuelewane kuhusu aina mbili za sukari. Aina ya kwanza ni ile ambayo mwili hautengenezi tena insulini, na mgonjwa hana budi kujidunga. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Aina ya pili ndiyo iliyoenea kwa watu wazima, ambapo insulini ipo lakini haifanyi kazi yake sawasawa au haitoshi. Wengi wao hutumia vidonge, na baadhi insulini pia. Katika wale 12,243, wa aina ya pili walikuwa 11,173 na wa aina ya kwanza 1,070.

Haya ndiyo makubwa yaliyopatikana. Wa aina ya kwanza waliosema walifunga angalau siku 15 walikuwa asilimia 42.8. Wa aina ya pili walikuwa asilimia 78.7. Sukari kushuka vibaya kuliongezeka katika Ramadhani kuliko miezi mingine: kwa aina ya kwanza mara 4.7, na kwa aina ya pili mara 7.5. Na chini ya nusu ya wagonjwa wote ndio waliobadilisha kipimo cha dawa zao kwa ajili ya saumu.

Sasa tuulize.

SUALI LA KWANZA: MARA NGAPI, KUTOKA NGAPI?

"Mara saba na nusu!" Hapo mtu ashtuka. Lakini mara saba na nusu ya nini? Mtu akikwambia biashara yake imekua mara saba, si utamwuliza alianza na shilingi ngapi?

Katika aina ya pili, matukio ya sukari kushuka vibaya yalitoka 0.4 hadi 3 kwa kila watu 100 kwa mwezi. Tuseme kwa watu 1,000 ili tuone vizuri: katika mwezi wa kawaida matukio 4, katika Ramadhani matukio 30. Nyongeza ni 26.

Katika aina ya kwanza yalitoka 3 hadi 14 kwa kila watu 100. Kwa watu 1,000 ni kutoka 30 hadi 140. Nyongeza ni 110.

Mwaona? Aliyeshika "mara" peke yake atasema wa aina ya pili ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu 7.5 yaishinda 4.7. Aliyeuliza "kutoka ngapi" atajua kwamba mzigo mkubwa uko kwa wa aina ya kwanza, na kwa mbali. Namba ni zile zile, na mtu hakudanganywa, lakini aliyesikia nusu yake ameondoka na picha iliyopinduka. Na tukumbuke hizi ni hesabu za matukio. Mtu mmoja aweza kupatwa zaidi ya mara moja.

Basi mkisikia "imeongezeka mara kadhaa" au "imepungua kwa asilimia hamsini", msiondoke kabla ya kuuliza: kutoka ngapi hadi ngapi, katika watu wangapi, kwa muda gani?

SUALI LA PILI: WALIOHESABIWA NI NANI?

Wagonjwa hawa walipatikana kupitia madaktari wao. Maana yake ni watu waliokwisha kujulikana wana sukari na wenye kuhudhuria matibabu. Asiyejua kama ana sukari hayumo. Anayejua lakini hukaa mwaka mzima bila kumwona daktari hayumo. Na aliyefariki katika Ramadhani hiyo hakuweza kuulizwa. Huko mitaani kwetu, hao wasiomo ndio tunaowahofia zaidi.

Halafu tazameni nchi. Nchi 13, na hakuna hata moja ya Afrika Mashariki. Na Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa Novemba na Disemba, wakati ambapo kwa wenzetu wa Morocco, Lebanon na Uturuki mchana ni mfupi na kuna baridi. Sisi wa Mombasa, Lamu au Garissa tuko karibu na ikweta. Saumu yetu ni kama saa 13 kila mwaka, ije Disemba ije Juni, na joto letu mwalijua. Wa Malaysia na Indonesia hali yao yakaribiana na yetu, lakini wastani wa nchi 13 huwachanganya wote pamoja.

Je, hii yamaanisha tuutupe? La. Mwili wa mgonjwa wa Cairo na wa Kibokoni ni mwili mmoja, na insulini ni ile ile. Lakini ile asilimia 78.7 ya wanaofunga tusiichukue kama ndiyo hesabu ya Kenya. Utafiti mwingine mkubwa, CREED, uliohusu Ramadhani ya 2010, ulipata kwamba wa aina ya pili waliofunga angalau siku 15 walikuwa asilimia 94.2. Watu tofauti na njia tofauti za kuwapata huleta hesabu tofauti.

SUALI LA TATU: ILIPIMWAJE?

EPIDIAR ulikuwa utafiti wa kuuliza yaliyopita. Hawakufuatwa wagonjwa siku kwa siku na mashine ya kupimia sukari. Sasa wewe mwenyewe, nikikuuliza Ramadhani juzi uliugua siku ngapi, utanijibu. Nikikuuliza miezi ya kabla yake, utaanza kukuna kichwa. Jambo la karibuni hukumbukwa, la zamani husahaulika. Hilo laweza kuifanya Ramadhani ionekane mbaya kuliko ilivyokuwa, kwa sababu matukio ya miezi mingine yamesahauliwa.

Lakini ngojeni, kuna na upande wa pili. Kushuka "vibaya" katika hesabu hii kulimaanisha mgonjwa alifika hospitali akalazwa. Aliyetetemeka, akachanganyikiwa, mkewe akamnywesha maji ya sukari akazinduka, huyo hakuhesabiwa. Hilo laifanya hatari ionekane ndogo kuliko ilivyo.

Hapa ndipo penye uadilifu wa mchunguzi. Ukitafuta kasoro za upande mmoja tu, wewe wautafuta ushindi, hutafuti haki. Mwenye kutaka kufunga ataishika kasoro ya kwanza. Mwenye kutaka kutisha ataishika ya pili. Sisi tuzishike zote mbili, kisha tuseme: hatari ipo, na ukubwa wake ni kama hivi, isiwe kwa nukta na desimali.

SUALI LA NNE: HILI LIMESABABISHA LILE?

Hili ndilo suali zito kuliko yote, na naomba mlisikize kwa makini.

Utafiti ulipata pia kwamba sukari kushuka vibaya kulikuwa kwingi zaidi kwa wale waliobadilisha kipimo cha dawa zao. Mtu akilisoma hilo harakaharaka atasema: "Basi! Kubadilisha dawa ndiko kunakoleta madhara. Baba, endelea na dawa zako vile vile." Ndugu zangu, maneno hayo yaweza kuua mtu. Mzee anywe kidonge cha kushusha sukari asubuhi kama kawaida yake, kisha akae hadi magharibi bila tonge? Au ajidunge insulini ile ile ya mchana, na mchana hakuna chakula?

Hebu tufikiri. Nani hubadilisha dawa? Mara nyingi ni yule ambaye hali yake ni ngumu, ambaye sukari yake yapanda na kushuka, ambaye tayari alikuwa na hofu. Tena kuna aliyebadilisha kwa ushauri wa daktari na aliyejibadilishia mwenyewe kwa kukisia. Wote wamewekwa fungu moja. Ni sawa na mtu aone kwamba walioko hospitali hufa zaidi kuliko walioko sokoni, akasema basi hospitali yaua. Waliokwenda hospitali walikuwa wagonjwa tangu mwanzo.

Mambo mawili kuonekana pamoja si dalili kuwa moja limelizaa jingine. Na hata ule ulinganisho wa Ramadhani na miezi mingine, tuuangalie. Katika Ramadhani si njaa peke yake inayobadilika. Usingizi wabadilika, saa za dawa zabadilika, mchana wengine hulala na usiku hukesha, na wakati wa futari... viazi vya nazi, kaimati, mbaazi kwa mahamri, sharubati, mwajua wenyewe. Ndiyo maana utafiti huo huo uliona hata sukari kupanda vibaya kuliongezeka: kwa aina ya pili kutoka tukio 1 hadi 5 kwa kila watu 100 kwa mwezi. Mtu afunga mchana kutwa, na bado sukari yapanda! Kwa hivyo aliyesema "saumu yatibu sukari", bila kutazama meza ya futari na hali ya mgonjwa, naye hakusema kweli.

SUALI LA TANO: KUNA KUNDI LA KULINGANISHA, NA LILIPATIKANAJE?

Tuchukue utafiti wa pili, tujipime kama tumeelewa. Huu waitwa READ, ulifanywa London kwa Waislamu wenye sukari ya aina ya pili, ukachapishwa 2010 katika jarida la Diabetic Medicine. Watu 111. Kundi moja la watu 57 lilihudhuria mafunzo kabla ya Ramadhani kuhusu chakula, dawa, mazoezi na kupima sukari. Kundi jingine la 54 halikuhudhuria. Matokeo: waliohudhuria, matukio ya sukari kushuka yalipungua kutoka 9 hadi 5. Wasiohudhuria, yaliongezeka kutoka 9 hadi 36. Waliofunzwa walipungua uzito, wastani wa kilo 0.7. Wengine waliongezeka kilo 0.6.

Mashaallah, ni habari njema. Lakini mwanafunzi mzuri ataulizaje? Atauliza: nani aliamua huyu aende mafunzoni na yule asiende? Hakukupigwa kura. Wenye kuhudhuria mafunzo mara nyingi ni wale wenye kujali afya zao tangu mwanzo, ambao hata bila darasa wangejichunga. Na watu 111 ni wachache. Basi hatuwezi kusema tofauti yote ile imetokana na darasa.

Pamoja na hayo, tupime faida na hasara. Dawa mpya yenye madhara tutaidai ushahidi mkubwa sana. Darasa la saa mbili msikitini lina madhara gani? Halina. Ushahidi wa wastani watosha kutufanya tulianzishe. Hii nayo ni sehemu ya kuchunguza utafiti: kiasi cha uhakika unachokihitaji chategemea unataka kufanya nini, na ukikosea nani ataumia.

NA MWISHO: ALIYEKUSIMULIA AMEUSOMA?

Habari hubadilika njiani. EPIDIAR uliwahusu watu 12,243 wenye sukari, baadhi yao walifunga na baadhi hawakufunga. Lakini utausikia ukisimuliwa kana kwamba wote 12,243 walikuwa wamefunga. Kutoka asilimia zake pia kulitolewa makadirio, katika miongozo ya madaktari ya 2005, kwamba watu milioni 40 hadi 50 wenye sukari hufunga Ramadhani duniani. Yale ni makadirio: asilimia za wagonjwa wa kliniki za nchi 13 kupigwa mara umma mzima wa Kiislamu. Yafaa kutuonyesha kwamba jambo ni kubwa. Hakuna aliyezunguka dunia akawahesabu. Na mkiweza kuupata utafiti wenyewe, tazameni pia nani ametoa pesa. Kampuni ya dawa ikilipia haimaanishi ni uongo, lakini yakupa sababu ya kusoma mara mbili.

SASA MZEE TUMJIBU NINI?

Tukikusanya yote, utafiti huu, pamoja na upungufu wake, watuambia mambo matatu kwa uwazi. Hatari ya mwenye sukari kufunga ni ya kweli. Hatari hiyo si sawa kwa wote. Na wengi huingia Ramadhani bila kupanga dawa zao. Hautuambii kwamba kila mwenye sukari asifunge, na hautuambii kwamba afunge. Jibu hilo ni la mtu na daktari wake, kisha sheikh wake.

Kwa hivyo tumwambie: "Baba, twende kliniki." Miongozo ya kimataifa iliyotolewa 2016 na kuboreshwa 2021 yataka mgonjwa aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, apimwe kiwango cha hatari yake na kupangiwa dawa. Kama mwezi umekwisha kuandama, aende vivyo hivyo, asingoje mwaka ujao. Wa aina ya kwanza ambaye sukari yake haijatulia, mjamzito mwenye kutumia insulini, mwenye figo zilizoharibika, na yeyote ambaye sukari yake ilishuka vibaya katika miezi mitatu iliyopita, hawa huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa na hushauriwa wasifunge.

Aliyeruhusiwa naye apime sukari mchana. Tone la damu la kidoleni halifunguzi, kama walivyoeleza wanavyuoni wengi. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue papo hapo, hata kama imebaki nusu saa kuadhini. Na akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, asingoje mashine. Afungue.

Na tumwambie kwa upole, faraghani, asione haya. Aliyemfaradhishia saumu ndiye aliyempa ruhusa mgonjwa, katika Suratul Baqara hizo hizo aya za 184 na 185. Atalipa siku nyingine akipona, na kama maradhi ni ya kudumu asiweze kulipa, amuulize sheikh kuhusu fidia ya kulisha masikini. Kula kwa ruhusa ya Allah hakumpunguzii mtu Uislamu wake. Sisi vijana ndio tuwe wa kwanza kulilinda hilo: tukimwona mtu mzima anywa maji mchana, tusimtolee macho.

Ndugu msomaji, leo baada ya tarawehe muulize mzazi wako masuali mawili tu: "Dawa zako wazinywa saa ngapi mwezi huu?" na "Daktari ajua kama wafunga?" Majibu yake yaweza kuwa na faida kubwa kwenu kuliko tafiti kumi zilizosambazwa bila kusomwa.

Twamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, azikubali saumu za waliofunga na udhuru wa walioshindwa, na atujaalie tuwe wenye kuhakikisha kabla ya kusema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.